Ipoe Kwanza

Saa sita na dakika tano Mikidadi alizima pampu, na chumba kizima kikanyamaza hata kuku wa jirani wakasikika wakiparura nyuma ya ukuta. Mkanda ulijivuta mara tatu kwa uvivu, ukasimama. Wanawake waliokuwa wakipanga mifuko ya unga waligeuka kumtazama, nyusi zao nyeupe kwa vumbi la soya.

"Sasa?" aliuliza Zena, mwenyekiti wa kikundi.

"Sasa ipoe."

"Mpaka saa ngapi?"

"Saa nane, Mwenyekiti. Ipoe kabisa, kama siku ile."

Hakuna aliyeuliza siku gani. Macho mawili matatu yalikimbilia pembeni mwa mlango, alipokaa Mama Koikai akichekecha ulezi kwa mkono wa kushoto, kisha yakarudi haraka. Jina lake la kwao Simanjiro lilikuwa Naisimoi, lakini hapa Bonga kila mtu alimwita kwa jina la mwanawe. Hakuinua kichwa.

"Basi mama zangu, tukale," Zena alisema. "Saa nane tutajua kama tuna mashine au tuna chuma chakavu."

Hakuwa anatania. Kikundi kilishakata shauri kwenye kikao cha Jumamosi: pampu ikikwama leo, inauzwa. Mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa ameshakuja mara mbili kuiangalia, akaigongagonga kwa ufunguo wa pikipiki kama mtu anayechagua tikiti maji, akasema atapita tena leo jioni.

Lakini tuseme ukweli, si pampu iliyokuwa ikimnyima Mikidadi usingizi. Kilichomkaa kooni ni maneno aliyopaswa kuyasema miezi mitatu iliyopita, mbele ya wanawake hawa hawa, akayameza. Leo alikuwa amejiapiza kuyatema kabla swichi haijawashwa. Kabla, si baada. Fundi aliyefanikiwa husamehewa hata yale ambayo hakuyakiri, na Mikidadi hakutaka kusamehewa kwa kupitia mlango wa nyuma.

Pampu yenyewe si kitu cha kutisha. Ukubwa wake ni wa ndoo ya lita ishirini iliyolazwa ubavu, na kazi yake ni moja tu, kufyonza hewa kwenye mfuko wa unga wa lishe kabla mfuko haujafungwa. Mfuko ukitoka hapo unakuwa mgumu kama tofali, na unga hukaa miezi bila kuchacha wala kuingia wadudu. Ndiyo maana uliweza kupakiwa kwenye malori ya kwenda Simanjiro na Kiteto, kwa akina mama ambao duka la karibu kwao ni safari ya siku nzima. Bila pampu unga ule ulimaliza wiki tatu tu ukaanza kunuka karanga mbovu.

Ndani yake mna vyuma viwili vyenye umbo la namba nane, vinavyozunguka vikipishana bila kugusana. Nafasi kati ya vyuma hivyo na kifuniko haizidi unene wa karatasi. Kuna kitambaa cha kuchuja kwenye bomba la kuingizia hewa, lakini unga wa soya ni mgeni asiyesubiri kukaribishwa, na kidogo kidogo uliingia. Ajabu ni kwamba haukuikwamisha pampu ikifanya kazi. Pampu ilikwama ikipumzika.

Na kuipumzisha ilikuwa amri ya Mikidadi. Alikuwa ametengeneza vinu vya nafaka kwa miaka thelathini, Bagara mpaka Mutuka, na msemo wake watu waliujua: mashine nayo ina mwili. Kwenye kinu cha mahindi, kila ifikapo saa sita mchana mashine izimwe, ipoe, ndipo iendelee. Mwenye kinu asiyepumzisha mashine yake alionekana kama mwenye punda asiyemnywesha maji. Basi pampu ilipoletwa, akaipa sheria ile ile bila kuifungua kwanza. Izimwe saa sita, iwashwe saa nane. Ikaanza kukwama tangu wiki ya pili.

Dawa pia aliitoa yeye. "Ukiwasha ikaunguruma bila kuzunguka," alimfundisha Mama Koikai, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa msimamizi wa pampu, "usihangaike kukimbilia swichi, iko mbali, chumba cha pili. Wewe shika mkanda, ushtue kidogo. Hivi." Akaushtua mbele yake umeme ukiwa unaingia, na pampu ikaitika. Alikuwa akifanya hivyo tangu ujana wake, na vidole vyake vyote kumi vilikuwepo kushuhudia.

Mama Koikai alikuwa mwepesi wa kujifunza. Alikuja mjini mwaka ule ukame ulipomaliza ng'ombe wao, akiwa hajawahi kugusa mashine yoyote, na ndani ya miezi miwili alikuwa anaisikiliza pampu kama alivyokuwa akisikiliza mbuzi mgonjwa. Kwao namba zina ishara zake za vidole. Kelele zilipozidi, aliinua mkono wa kulia juu ya vichwa vya watu kuonyesha mifuko imefika mingapi, akigeuza kiganja na kukunja vidole upesi upesi. Wenzake waliiga kwa mzaha, wakacheka, na mwisho chumba kizima kilikuwa kinahesabu Kimaasai bila mtu kuona ajabu.

Siku ile ya mwezi wa nane, baada ya chakula cha mchana, aliwasha pampu ikaunguruma bila kuzunguka. Akaushtua mkanda kama alivyofundishwa. Unga ulioganda ndani ukaachia ghafla, na mkanda ukaondoka na mkono wake mpaka kwenye gurudumu la puli. Vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, vilibaki hospitali.

Kikao kiliitwa wiki iliyofuata. Zena aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka jambo liishe, "Nani alikuambia ushike mkanda umeme ukiwaka?" Mama Koikai, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, alimgeukia Mikidadi. Alimtazama tu, akangoja. Mikidadi akatazama viatu vyake.

"Mashine haichezewi," akasema. Kisha akaongeza, Mungu amsamehe, "Ajali haina kinga."

Katibu akaandika kwenye kitabu cha kumbukumbu: uzembe wa mwendeshaji. Mama Koikai akahamishiwa kwenye kuchekecha.

Mikidadi aliichukua pampu akaipeleka karakana yake Bagara, na watu wakasema fundi yule ana moyo, anaitengeneza bila hata kuulizwa. Sifa ile ilimwingia kama mwiba. Alifungua kifuniko akakuta unga umegandamana kwenye kuta, akaukwangua kwa bisibisi, ukatoka vipande vigumu vinavyong'aa upande mmoja. Unga wa uji wa mtoto, huo. Ungeweza kuujengea.

Siku nyingi hakuelewa. Aliifunga tena, akaizungusha mpaka ikapata moto, akaizima, kisha kila baada ya dakika chache alipenyeza kipande cha karatasi ya daftari kupitia tundu la hewa kupima nafasi iliyobaki. Mwanzoni karatasi ilipita. Baadaye ikaanza kukwaruza. Kufikia nusu saa haikupita tena. Akaweka kiganja juu ya gamba la nje: baridi, kwa sababu upepo wa mlima Kwaraa ulikuwa ukipiga dirishani. Akaingiza kidole kwenye tundu lile lile akagusa chuma cha ndani, akakichomoa haraka. Ndani bado kulikuwa na moto.

Hapo akaelewa. Gamba hupoa kwanza, likasinyaa, wakati vyuma vya ndani bado vimevimba kwa joto. Unga uliopo katikati unabanwa kutoka pande zote, na kilichokuwa vumbi kinakuwa tofali. Kila alipoagiza pampu ipumzishwe, alikuwa anaagiza ikwame. Alikaa chini pale pale kwenye sakafu ya karakana, spana mkononi. Kosa la kumfundisha mtu kushika mkanda alikuwa analijua siku zote. Hili la pili hakulijua, na lilimuuma zaidi, kwa kuwa ndilo alilokuwa akijivunia.

Kuiacha izunguke bila kuzimwa kusingesaidia. Umeme ukikatika, pampu hupoa itake isitake. Ilibidi itengenezwe iweze kupoa bila kukwama, na kwa kuwa unga haukataziki kuingia, ilibidi upewe pa kwenda. Akachonga mifereji kwenye uso wa ndani wa kifuniko, minane, mirefu kwenda chini. Pampu haikukwama tena, ila haikufyonza pia. Hewa ilijirudia kupitia mifereji, na mifuko ikatoka imelegea kama shavu la kibogoyo. Akakitupa kifuniko kile, akaenda kwa Anselm mwenye mashine ya kukereza, akakata kingine kwenye bamba nene. Safari hii alichonga minne tu, kwa patasi na tupa, mwembamba kila mmoja kama njiti ya kiberiti, iliyoinama kuelekea tundu la kutolea hewa. Kisha akanoa kingo za vile vyuma vya ndani ili kila vikizunguka vikwangue unga na kuusukumia kwenye mifereji. Kazi hiyo ilimla wiki saba.

Leo tangu saa moja asubuhi mifuko ilikuwa ikitoka migumu, hakuna hata mmoja uliolegea. Lakini kufyonza ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kupoa.

Adhuhuri alikwenda msikitini, akarudi kabla ya wengine. Alimkuta Mama Koikai amebaki peke yake, sahani ya makande mapajani, akila kwa mkono wa kushoto.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mama Koikai. Hukwenda kula na wenzako?"

"Hapa kuna upepo."

Tangu ajali ile hakuwahi kuacha kumwamkia, hata siku moja. Angemtukana ingekuwa nafuu. Mikidadi alikaa juu ya kreti tupu upande wa pili wa pampu. Maneno yalimharibikia mbele ya mtu ambaye ameshayajua yote. Aliyemdanganya hakuwa huyu. Aliwadanganya wale waliokuwa wakila nje, na kwa hiyo ilibidi awangoje.

Saa nane kasoro walirudi, wakinong'ona, wakifuta mikono kwenye khanga. Mikidadi akagusa kifuniko. Kilikuwa baridi kama sufuria ya jana.

Zena akajisafisha koo. "Fundi, kabla hujawasha, wenzangu wamenituma niseme maneno mawili ya shukrani. Umehangaika na mashine hii kama yako..."

"Mwenyekiti, naomba uyaweke kwanza."

"Nimesemaje kibaya?"

"Hujasema kibaya. Ni mimi nina langu, na likikaa nyuma ya hiyo shukrani halitatoka tena." Alisimama. Mikono hakujua aiweke wapi, akaishika nyuma. "Siku ya kikao mliuliza nani alimwambia Mama Koikai ashike mkanda umeme ukiwaka. Ni mimi. Nilimfundisha, nikamwonyesha kwa mkono wangu mwenyewe. Na kule kuizima saa sita niliagiza mimi, na ndiko kulikokuwa kunaikwamisha. Yeye alifuata nilichomwambia, basi. Nikanyamaza, kwa sababu niliogopa hakuna kinu Babati hii kitakachoniita tena."

Kuku walikuwa bado wanaparura nyuma ya ukuta. Mwanamke mmoja alijifunika mdomo kwa khanga. Zena alikaa taratibu kwenye gunia la soya.

"Sisi tuliandika uzembe," akasema.

"Mfute."

"Kufuta tutafuta. Lakini Mikidadi, sisi tulimwondoa kwenye kazi yake. Tulimnyooshea kidole humu humu ndani." Sauti ikamkatika. Akamgeukia Mama Koikai. "Na wewe mwenzetu, mbona hukusema?"

Mama Koikai aliweka chekeche chini, akapangusa magoti.

"Kwetu mtu mzima hasemewi kosa lake akiwa amekaa hapo. Anangojwa."

"Miezi mitatu?"

"Ni mingi," akakubali. "Nilikuwa nimeanza kuchoka."

Hilo ndilo lililomvunja Mikidadi. Machozi yalimtoka wazi, mzee wa miaka hamsini na nane mbele ya wanawake, na hakuyafuta. "Nisamehe, Mama Koikai," akasema.

Mama Koikai aliinuka, akaizunguka pampu pole pole kama mtu anayekagua ng'ombe aliyerudi kutoka machungani. Akaona swichi mpya imefungwa ukutani, mkono mmoja tu kutoka kwenye mashine. Akaona wavu wa chuma uliozunguka mkanda na puli.

"Hii nayo?"

"Ni kinga ya mkanda. Mkono haupiti."

Akajaribu. Akasukuma vidole vya mkono wa kushoto, akajaribu upande wa juu, akajaribu chini karibu na mota. Haukupita. Akatikisa wavu aone kama unalegea, haukulegea.

"Naomba uwashe wewe," Mikidadi alisema. "Ni kazi yako."

Zena alitingisha kichwa kukubali, midomo imekaza.

Mama Koikai akabonyeza swichi.

Mota ikaunguruma, na pampu haikuzunguka. Mngurumo ule ule, mzito, wa chini kwa chini, ambao kila mtu mle ndani alikuwa akiusikia ndotoni. Mtu akapiga ukelele. Na mkono wa Mikidadi, ambao miaka thelathini haukuwa umefundishwa kitu kingine, ulichomoka wenyewe kuelekea kwenye mkanda, ukagonga wavu, ukarudi. Mama Koikai aliuona. Ndani ya pampu kukasikika mkwaruzo mwembamba, kama kijiko kinachokwangua ukoko, kisha mkwaruzo wa pili, na vyuma vikaachia, vikazunguka. Bomba la kutolea hewa likatema vumbi jeupe mara moja, likanyamaza. Mshale wa geji ukapanda mpaka mahali pake.

Vigelegele vilipasua chumba. Zena alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja, akimpiga Mikidadi mgongoni bila kujua kama anampongeza au anamwadhibu. Pengine vyote viwili.

Mama Koikai hakupiga kigelegele. Alisubiri Mikidadi amtazame, kisha juu ya kelele zile akainua mkono wa kushoto, kidole kimoja kimenyooka.

Moja.

Akashika nafasi yake ya zamani. Kwa saa nzima mifuko ilipita mikononi mwake, polepole kuliko zamani kwa kuwa vidole vitatu vya kulia vilikuwa bado vinajifunza, lakini yote ikatoka migumu. Saa tisa na robo pampu ilipokuwa na joto la kutosha kuchoma kiganja, alinyoosha mkono akaizima bila kumuuliza mtu.

"Mbona tena?" Zena alishangaa. "Si tumeona imewaka?"

"Imewaka mara moja. Ipoe tena."

"Mama Koikai, na mifuko iliyobaki?"

"Mifuko itangoja." Akamtazama Mikidadi. "Fundi, una haraka?"

"Sina."

"Basi kaa."

Akakaa. Mnunuzi wa chuma chakavu alipofika jioni alisimama mlangoni, akaona pampu imezimwa, akatabasamu. Zena akaenda kumwambia leo hawauzi. "Na kesho?" akauliza yule bwana. Zena akageuka kumtazama Mama Koikai, kana kwamba mwenyekiti amekuwa yeye.

"Mwambie tunahesabu bado," Mama Koikai alisema.

Pikipiki iliondoka. Wanawake mmoja mmoja walichukua vikapu vyao, wakaaga, wakaishika barabara. Upepo wa Kwaraa ulianza kuingia dirishani, ule ule unaopoza magamba kabla ya vilivyomo ndani. Mama Koikai alivuta kreti, akaketi upande wake wa pampu, akaweka mkono wa kulia juu ya kifuniko, ule wenye vidole vitatu, akautuliza hapo.

"Bado," akasema.

Mikidadi akaweka kiganja chake upande wa pili, akangoja.